Chumba cha Akina Zimodziej

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wajumbe wa Umoja wa Akina Zimodziej walikutana katika nyumba yao ya matofali huko Laeken, mjini Brussels, wakakaa wote upande mmoja wa meza, migongo yao ikielekea dirishani. Hawakufanya hivyo kwa majivuno. Kivuli cha Zimodziej huanguka upande ule unakotoka mwanga, na mjumbe ambaye angekaa akilitazama dirisha angekilaza kivuli chake juu ya kahawa yake na ya jirani. Taa ya dari ikiwashwa, vivuli vilipanda juu. Kwa hiyo dari ya ukumbi ule ilipakwa rangi mara nyingi kuliko kawaida, maana vivuli navyo vina viatu.

Mwenyekiti alikuwa Casimir Zimodziej, daktari wa meno mstaafu. Katibu alikuwa binamu yake Halina. Wajumbe wengine watatu walikuwa wazee ambao kazi yao ilikuwa kukubali.

Umoja ulitoa jarida mara mbili kwa mwaka, na jarida lilikuwa na mambo mawili ya kueleza: jina limetoka wapi, na limebaki kwa watu wangapi. Kuhusu asili yake, wataalamu wa majina ya Kislavoni hawakuelewana. Mmoja alisema Zimodziej ni mtu anayetengeneza majira ya baridi, na kwamba kijiji fulani cha mashariki mwa Polandi kiliwahi kumwajiri mtu wa kazi hiyo. Mwingine alisema ni jina la mgeni aliyefika wakati wa theluji akakataa kuondoka. Casimir alipendelea maelezo ya tatu, yaliyokuwa na askari wa farasi ndani yake, ingawa hakuna mtaalamu aliyeyatoa. Kuhusu kivuli, jarida halikuwa na maelezo, kama vile ukoo mwingine usivyoeleza kwa nini watu wake wana pua.

Idadi ndiyo iliyowaumiza. Jina lilikuwa likipungua. Polandi walibaki wachache wa kujaza basi dogo, Ubelgiji wachache wa kujaza meza, na Kanada mmoja ambaye hakujibu barua. Katika kila toleo, ukurasa wa mwisho ulikuwa na wito kwa herufi kubwa: Zimodziej yeyote aliyepotea, popote alipo, ajitokeze, ukoo wake unamngoja.

Mwezi wa Novemba Halina alileta kompyuta yake mkutanoni. Alikuwa amepata tovuti inayoonyesha ramani ya dunia na mahali majina yanapopatikana kwa wingi. Aliandika Zimodziej. Polandi ikatokea nukta nyekundu ndogo kama ncha ya sindano, na Ubelgiji ndogo zaidi. Upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kikatokea kiduara chekundu kikubwa kama kifungo cha koti. Halina alichukua kitambaa cha miwani akaifuta skrini. Kiduara kikabaki. Casimir alisema ni kosa la mashine, wajumbe wakakubali, wakaendelea na suala la uzio wa bustani.

Mashine haikuwa imekosea. Babu yake Casimir, Daktari Ambroży Zimodziej, alifanya kazi miaka mingi huko Kalemie, Kongo, kando ya ziwa. Alikuwa mkali na mchoyo wa maneno, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na wanawake waliokuwa wameshindwa kuzaa walizaa mikononi mwake. Kule jina halishuki kutoka kwa baba kama mali. Baba ana lake, mama ana lake, na mtoto hupewa la mtu ambaye wazazi wanataka kumweka nyumbani. Watoto wengi basi wakaitwa Zimodziej. Nao walipokua, majirani na wajukuu wakapewa majina yao, wavulana kwa wasichana. Pamoja na jina kilikuja kivuli. Hapakuwa na aliyeona ajabu. Mwuza nyanya aitwaye Zimodziej hakuhitaji mwavuli sokoni: aligeukia jua, kivuli chake kikaifunika meza, na nyanya zikabaki ngumu mpaka jioni.

Daktari aliporudi Brussels alinunua nyumba ile ya Laeken. Alipokufa aliuachia Umoja nyumba hiyo kwa sharti moja tu, kwamba chumba kidogo cha juu apewe Zimodziej yeyote atakayekuja kusoma mjini. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja. Vijana wa ukoo walisomea kwao, au hawakusoma.

Larissa Zimodziej alizaliwa Kalemie na kupewa jina la dada ya bibi yake, ambaye daktari alimtoa kwa kisu siku ya mvua kubwa. Alikuwa akisomea ukunga Brussels, mwaka wa kwanza. Aliishi Molenbeek, hatua chache kutoka kwenye mfereji, kwa mjomba wake Kalenga aliyekuwa fundi wa lifti, na mke wa mjomba, Maman Euphrasie, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Vyumba vilikuwa viwili na watoto wanne. Larissa alilala kwenye kochi la sebuleni. Sebule hiyo ilikuwa na kikundi cha maombi Jumatano na Ijumaa, mpira Jumapili, na siku nyingine watu waliopita tu kusalimia wakakaa mpaka chakula. Mitihani ya Januari alianguka. Kama angeanguka na ya Juni, shule isingemwandikisha tena, na bila shule kibali chake cha kukaa Ubelgiji kingekwisha. Alihitaji meza moja, taa moja na mlango unaofungika.

Alikuwa ametafuta. Kwenye simu, wenye nyumba walilifurahia jina lake. Mmoja alimwambia kwamba Wapolandi ni watu wasafi. Alipofika mlangoni, chumba kilikuwa kimechukuliwa asubuhi ile ile. Vyumba vya Brussels vilikuwa na tabia ya kuchukuliwa asubuhi ile ile. Ndipo siku moja, akitafuta jina lake mwenyewe kwenye mtandao kwa kukosa la kufanya, alikutana na wito wa jarida, na kando yake sharti la chumba cha daktari.

Alijitokeza. Barua pepe yake ilikuwa fupi: alisema anaitwa nani, anasoma nini, na kwamba ameona kuna chumba. Casimir aliisoma kwa sauti mbele ya wajumbe. Halina alitoa kitambaa cha miwani, safari hii kwa macho. Walimjibu siku hiyo hiyo wakamwalika Jumamosi ya kwanza ya Februari.

Kalenga hakukubali mpwa wake aende peke yake.

"Muntu haendake kuomba kintu ku famille peke yake, sawa mwizi," alisema. "Tutaenda batu tatu. Na mikono haiende mitupu."

Maman Euphrasie alipanda metro mpaka Porte de Namur, akaingia maduka ya Matonge, mtaa wa Wakongo, akanunua kitenge kizuri cha kumpa mama wa nyumba, kama yupo, na samaki wa chumvi. Kalenga alibeba kreti ya bia. Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, rangi ya maji ya kuoshea sufuria, kama siku zote za Februari mjini humo.

Casimir alifungua mlango. Aliwasalimu kwa adabu, akatazama nyuma ya mabega yao, kisha akatazama barabara.

"Mtanisamehe," alisema. "Tunamngoja msichana mmoja."

"Ni mimi," Larissa alisema.

"Ndiyo," Casimir alisema, na akaendelea kuitazama barabara kidogo, kama mtu anayengoja tramu iliyokwisha kupita.

Waliingizwa ukumbini, wakapewa viti upande wa pili wa meza. Kalenga alisimama. Kifaransa alikuwa akikizungumza kazini kwa miaka thelathini, lakini ujumbe wa ukoo kwa ukoo husemwa kwa lugha ya nyumbani, na kijana hutafsiri.

"Papa Président, na bazee bote," alisema. "Siye tulikuya na mikono mbili. Mutoto huyu ni wa kwenu. Kule kwetu tunalala batu mingi, haiko fasi ya kusoma. Bon, tulisikia hapa kuko chumba moja ya juu. Donc tulikuya kuiomba, na heshima. Njo hivyo tu."

Larissa alitafsiri. Wazee watatu walikubali kwa vichwa, kwa mazoea, mpaka Casimir alipokohoa. Alieleza kwamba Umoja umeguswa sana. Hata hivyo, kanuni zinataka kila Zimodziej mpya athibitishwe kwa kivuli, na leo hakuna kivuli kwa sababu hakuna jua.

Kalenga alinyoosha kidole juu. "Taa iko."

"Kanuni zinasema jua," Casimir alisema.

"Alors, tungojee jua ya Brussels?" Maman Euphrasie alimwuliza mumewe kwa sauti ya chini. "Mutoto atazeeka."

Walikunywa kahawa. Waliacha kreti, kitenge na samaki. Halina alikipokea kitenge, akakitandika mezani, akasema hajawahi kuwa na kitambaa cha meza kizuri kama hicho.

Jumamosi ya kwanza ya Machi mvua ilinyesha. Jua lilikuwa limetoka siku tatu katikati ya wiki, na Larissa alikuwa amepiga simu, lakini wajumbe hukutana Jumamosi. Mwezi wa Aprili jua lilitoka Jumamosi, tangu asubuhi, jua la kweli, watu wakavua makoti tramuni. Ujumbe kutoka Molenbeek ulifika mapema na kreti nyingine.

Larissa aliombwa asimame katikati ya ukumbi. Kivuli chake kilimtangulia kwenda dirishani bila kusita, kikapanda ukuta, kikapita kioo, kikatoka nje mpaka kwenye uzio wa bustani. Kilikuwa cheusi kama wino mpya. Ilionekana wazi sasa, kwa kulinganisha, kwamba vivuli vya wajumbe vilikuwa vimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kimoja cha wazee wale watatu kilikuwa kimetoboka kwenye kiwiko.

"Ni kivuli kizuri sana," Halina alisema.

"Ni kizuri," Casimir alikubali. "Baba yako anaitwa nani?"

"Mbombo."

"Mbombo Zimodziej?"

"Hapana. Mbombo tu."

"Basi ni upande wa mama."

"Mama anaitwa Jamila. Kaka yangu ni Numbi. Mjomba ni huyu hapa, Kalenga. Jina langu ni la dada ya bibi yangu, aliyezaliwa mikononi mwa daktari."

Casimir aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeuziwa seti ya vikombe visivyofanana.

"Kama kila mtu ana jina lake," aliuliza, "mnajuaje kwamba nyinyi ni familia?"

Larissa alimtafsiria mjomba wake, ingawa mjomba alikuwa ameelewa. Kalenga alifikiri.

"Tunajuana," alisema.

Casimir aliweka mikono yake mezani. Alisema kwa upole kwamba hapa pana tatizo la msingi. Jina ni damu. Bibi huyo alipewa jina na watu waliomshukuru babu yake Casimir, jambo zuri sana, na Umoja unalithamini. Lakini msichana huyu si mjukuu wa daktari.

"Pardon, président, hapo unakosa kidogo," Kalenga alisema, na safari hii hakungoja tafsiri, Larissa akimfuata kwa Kifaransa. "Huyu hapana mujukuu wa docteur. Hakuna muntu alisema ni mujukuu. Kwetu, mwenye anabeba jina yako ni wewe. Docteur alipatia bibi, bibi alipatia huyu. Huyu njo docteur mwenyewe. Na docteur alikuwa nani kwako?"

"Babu yangu," Casimir alisema.

"Voilà. Huyu ni nkambo yako. Babu yako, huyu hapa."

"Ana miaka ishirini."

"Miye niko na papa yangu ya miaka ine," Kalenga alisema. "Tulimupatia jina ya marehemu papa. Anasoma ku maternelle, na batoto badogo. Akiingia mu salon, ninamupisha kiti."

"Na anapenda kuamuru," Maman Euphrasie aliongeza, "sawa ule wa kwanza."

Casimir alisema anawafurahia kwa hilo. Alikuwa ameketi, na alibaki ameketi. Kivuli chake, kilichokuwa kimelala kwenye kizingiti cha dirisha, kilisimama. Kilivua kofia, ijapokuwa Casimir hakuwa na kofia. Kilivuta kivuli cha kiti, kikampisha Larissa, na kikangoja pembeni mikono ikiwa nyuma. Vivuli vya wazee watatu navyo vikasimama, kimoja baada ya kingine, cha mwenye kiwiko kilichotoboka mwishoni, kwa shida ya magoti.

Watu wote waliona. Halina aliongeza sukari kwenye kahawa yake.

"Asante," Larissa alikiambia kivuli.

Wajumbe waliomba nafasi ya kushauriana, wakaingia jikoni, wakafunga mlango. Vivuli vyao havikuwafuata. Vilibaki ukumbini na wageni, kimya, kama watoto waliokatazwa kuongea mbele ya wakubwa. Waliporudi, Casimir alitangaza uamuzi. Jina limetambuliwa. Kivuli kimetambuliwa, kwa sifa. Umoja unampokea Larissa kwa mikono miwili, na picha yake itatoka kwenye ukurasa wa mbele wa jarida.

"Na chumba?" Larissa aliuliza.

"Chumba kimechukuliwa," Casimir alisema.

"Na nani?"

Halina, ambaye hakuwa na uzoefu wa kusema uongo, aliwapeleka juu wakaone. Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha linalotazama mashariki na meza chini yake. Kuanzia sakafuni mpaka darini kilikuwa kimejaa matoleo ya jarida ambayo hayakupata msomaji. Kila moja lilikuwa na ukurasa wa mwisho wenye herufi kubwa, ukimwita Zimodziej aliyepotea ajitokeze.

Kalenga aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea ya ufundi. Alisema wanaume wa kikundi cha maombi wangeweza kuyashusha yote kwa masanduku mpaka stoo ya chini kwa mchana mmoja, na wangeimba.

"Stoo ina unyevu," Casimir alisema. "Huwezi kuweka kumbukumbu ya ukoo kwenye unyevu."

"Na mutoto?" Maman Euphrasie aliuliza.

Casimir alisema Umoja unamtakia kila la heri katika mitihani yake. Alisema hivyo kwa moyo. Kisha Larissa alipigwa picha bustanini, akiwa mbele na wajumbe nyuma yake, na Umoja ukawasindikiza wageni mpaka mlangoni.

Walikuwa wamefika kona ya barabara Maman Euphrasie aliposimama akatazama chini. Mbele yao, kuelekea jua, palikuwa na vivuli zaidi ya kile cha Larissa.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Ya ule muzee président," Kalenga alisema. "Ona kofia."

"Anaenda wapi?"

"Anafuata nkambo yake."

Vivuli vinne vilitembea nao mpaka metro. Ndani ya behewa vilipanda darini, kwa sababu taa za metro ziko juu, na vilikaa hapo vimeshikilia vivuli vya mikanda. Mwanamke mmoja mwenye mifuko aliinua macho, akasogea kupisha, akarudi kwenye simu yake. Huko Laeken, Casimir alitoka kwenda bustanini kukata maua akaona kwamba hana kivuli upande wowote. Aliendelea kukata maua.

Nyumbani Molenbeek vilichagua ukuta wa sebule, juu ya kochi. Wiki iliyofuata kivuli cha Halina kilifika peke yake, kikiwa na kisanduku cha nguo, kikiomba radhi kwa kuchelewa. Baada ya Pasaka vikaanza kufika vya mbali: viwili kutoka Polandi, vyembamba, vimechoka na safari ya basi, na kimoja ambacho hakikusema kimetoka wapi ila kilikuwa na theluji mabegani. Kalenga alidhani ni cha yule wa Kanada.

Mtoto wa miaka minne, ambaye ndiye baba yake Kalenga, alitaka vifukuzwe, kwani vilizuia katuni. Maman Euphrasie alikataa.

"Muntu akifika ku mulango, utamuambia je? Rudia kwenu?" alisema. "Ni famille. Tutafinyana tu."

Alijifunza kuvilisha. Aliweka taa ndogo kando ya sinia, kivuli cha fufu kikaangukia ukutani, navyo vikala kwa utaratibu, wakubwa kwanza. Fufu lililobaki mezani lilikuwa na ladha yake ya kawaida, ila halikuwa na kivuli, na ukilitazama sana lilionekana kama linaelea. Familia ikazoea kulila bila kulitazama. Kikundi cha maombi kiliviombea vivuli pia, kwa jumla, maana majina yao ya kwanza yalikuwa magumu.

Tatizo likawa taa ya Larissa. Vivuli vya ukoo ule hupenda kwenda kwenye mwanga. Ndiyo asili yao na haviwezi kuwa vingine. Kila jioni alipowasha taa yake ya kusomea mwishoni mwa kochi, vilikusanyika kuizunguka, kwa mapenzi, kama jamaa wanavyomzunguka mtoto anayesoma ili waseme kwamba nao wanasoma. Kitabu kikawa giza. Mwezi wa Mei ulikuwa unakwisha na hakuwa amefika nusu ya somo la damu. Alihamia ngazi za jengo, akasoma kwenye mwanga wa taa ile inayojizima yenyewe na kuhitaji kubonyezwa tena. Alisoma kwa vipande, kila kipande kifupi kama pumzi, na jirani wa ghorofa ya pili, Abdul-Aziz, alipopita na mkate alimbonyezea.

"Na chumba chao?" Abdul-Aziz alimwuliza kwa Kifaransa, kwa kuwa jengo zima lilijua. "Bado?"

"Bado kina majarida."

"Wao wamehamia kwako, wewe huwezi kuhamia kwao."

"Ni hivyo."

"Wewe si babu yao?"

"Wanasema."

"Basi babu gani anayekaa kwenye ngazi?"

Aliondoka na mkate wake. Larissa aliacha taa ijizime, akakaa gizani kidogo. Kisha akaingia sebuleni, ambako vivuli vilikuwa vinatazama taarifa ya habari, akasimama mbele yao. Hakupaza sauti. Alisema kwamba yeye ni Daktari Ambroży Zimodziej, kwamba hakuvuka bahari mara mbili ili akae kwenye ngazi, na kwamba kuanzia jioni ile mpaka mwisho wa Juni hataki kumwona Zimodziej yeyote karibu na taa yake. Waende kwenye mfereji. Kule kuna taa nyingi na hakuna anayesoma.

Vivuli vilitazamana. Cha Casimir kilivaa kofia. Kila jioni baada ya hapo vilishuka ngazi kwa mstari na kwenda kukaa kando ya maji, chini ya taa za barabarani, na watu waliokuwa wakitembeza mbwa huko walilalamika tu kwamba pamekuwa na giza kidogo. Vilirudi nyumbani Larissa alipozima taa. Kikundi cha maombi, kilipoambiwa jinsi daktari alivyotoa amri, kilihamishia Ijumaa yake kwa familia nyingine. Hata mpira ulitazamwa kwa sauti ndogo. Kalenga alisema yeye hawezi kubishana na mtu aliyemtoa mama yake mdogo tumboni.

Larissa alifaulu mitihani ya Juni, masomo yote, la damu kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa. Shule ikamwandikisha mwaka wa pili. Maman Euphrasie alipika, mtoto wa miaka minne alimbariki mjukuu wake mkubwa kwa mkono wenye mafuta, na vivuli vilipiga makofi bila sauti.

Mwaka wa pili ulikuwa na zamu za usiku hospitalini, na mtu wa zamu za usiku hulala mchana, wakati sebule ya mjomba inapokuwa soko kabisa. Larissa alipiga simu Laeken.

Casimir alifurahi kusikia sauti yake. Halina alikuwa amemwambia habari za mitihani, naye alikuwa amekwisha kuandika ukurasa mzima: mkunga wa kwanza wa ukoo, alama zake, na picha ya bustanini. Toleo lingekuwa kubwa. Walikuwa wamechapisha nakala mara mbili ya kawaida.

"Na huko hamjambo?" aliuliza, kisha akashusha sauti, kama mtu anayeulizia mtoto aliyempeleka shule ya bweni. "Kivuli changu kinakula?"

"Kinakula."

"Hakipendi vitu vya chumvi."

"Kinakula samaki wa chumvi. Kinaongeza."

"Ah," Casimir alisema. "Vizuri. Nashukuru sana. Mwambie Maman nashukuru."

Larissa alisema atamwambia. Kisha akauliza kuhusu chumba.

Casimir alivuta pumzi. Ilisikika kwamba alikuwa na huzuni ya kweli.

"Chumba," alisema, "sasa hata mlango haufunguki."

Sebuleni Molenbeek simu ilikuwa imewekwa kwa sauti ya wazi, na jamaa wote walikuwa ukutani wamesikia. Kivuli cha Casimir kiligeuka kikatazama pembe ya dari. Larissa aliagana na mwenye kivuli kwa heshima, akakata simu, akatandika shuka kwenye kochi. Ilikuwa saa nane mchana, na zamu yake ingeanza usiku.